Nafsi ya "Sisi" katika Soga za Shabiki wa Mpira: Uhakiki kutoka Mapendo, Goma

1.0 Utangulizi

Jumatatu asubuhi, shabiki wa mpira wa mtaa wa Mapendo hutoa hukumu mbili kabla ya kumaliza chai yake. Ya kwanza inahusu timu ya Ulaya aliyoitazama jana yake katika televisheni: "Tulibashinda." Ya pili inahusu timu ya mji wake, iliyocheza siku hiyo hiyo katika uwanja wa Stade de l'Unité: "Balipoteza." Kwa mpita njia, hayo ni maneno ya kawaida ya watu waliolala wakiwaza mpira. Kwa mwanafunzi wa lugha yapo mambo ya kutazamwa. Timu iliyo umbali wa maelfu ya kilomita imepewa nafsi ya kwanza wingi, na timu ambayo uwanja wake unafikiwa kwa miguu imepewa nafsi ya tatu. Kilicho mbali kimekuwa "sisi". Kilicho karibu kimekuwa "wao".

Makala haya yanakusudia kuyahakiki mazungumzo ya namna hiyo kama tungo za fasihi simulizi. Uhakiki wa Kiswahili umeshughulikia zaidi riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa upande wa fasihi simulizi umependelea ngano, nyimbo na methali. Hata hivyo, katika uainishaji wake uliochapishwa katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliyapa mazungumzo nafasi ya utanzu kamili, na ndani yake akataja soga, mizaha na malumbano ya watani. Kwa kigezo hicho, maneno ya shabiki yanastahili kusomwa kwa makini sawa na ngano ya bibi. Yana fanani, yana hadhira, yana mahali pa utendaji, na yana kanuni ambazo anayezivunja hukemewa papo hapo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kiungo kikuu cha sanaa hii ni kiambishi kimoja kidogo, yaani tu-. Kwa kiambishi hicho shabiki hujiunga na kundi, na kwa kukiacha hujitoa. Katika mji kama Goma, ambako suala la nani ni "sisi" na nani ni "wao" limekwisha kumwaga damu nyingi, uhuru wa kujiunga na kujitoa kwa maneno matupu si jambo la kudharauliwa. Lakini uhuru huo una adui zake, na baadhi yao huingia chumbani kwa njia ya televisheni yenyewe.

2.0 Mahali, fanani na hadhira

Mapendo ni mtaa wa Komuni ya Goma, karibu na eneo la biashara la Birere na si mbali na mpaka wa Rwanda. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, tope la moto lilipita katikati ya mji likaenda kuzama katika Ziwa Kivu. Lilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia mara ya pili. Mji umejengwa upya juu ya mawe yale yale. Watoto wa Goma hujifunza mpira juu ya ardhi nyeusi yenye ncha kali, ambayo humaliza haraka ngozi ya mpira na ngozi ya magoti. Hapo ndipo shabiki alipoanzia, kama mchezaji, kabla umri na kazi havijamhamishia kwenye benchi la watazamaji.

Siku hizi benchi hilo mara nyingi limo ndani ya nyumba ya mbao yenye televisheni, waya wa dishi na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Mtazamaji hulipa kiingilio kidogo, hukaa bega kwa bega na watu asiowajua, na hutazama. Watanzania wana jina lao la mahali pa namna hii, "kibanda umiza", jina ambalo lenyewe ni uhakiki mfupi wa viti na joto la humo. Huko Goma, mtangazaji wa televisheni kwa kawaida huzungumza Kifaransa. Hadhira hujibu kwa Kiswahili. Hivyo kila mchezo huwa na masimulizi mawili yanayokwenda sambamba. Masimulizi ya kwanza hutoka katika kisanduku na hayasikii mtu. Ya pili hutoka katika mabenchi, nayo hupingwa, hukatizwa, husahihishwa na hurudiwa mpaka wote waridhike au wachoke.

Masimulizi haya ya pili ndiyo yanayohusika hapa. Kifani, yanachanganya tanzu kadhaa. Yana majigambo: shabiki hutaja ushindi wa zamani kama shujaa atajaye vita alivyopigana. Yana takriri, kwa kuwa bao moja husimuliwa mara tano na kila mara mpira huwa umepigwa kutoka mbali zaidi. Yana maswali ya balagha ambayo mwamuzi, aliye bara jingine, hatayajibu kamwe. Kileksika, yanaonyesha njia mbili ambazo Kiswahili kimekopa kwazo. Mtu wa Dar es Salaam husema "refa" au "mwamuzi", "kipa" au "golikipa". Mtu wa Goma husema "arbitre" na "gardien", kwa kuwa mpira ulimfikia kwa mdomo wa Mbelgiji. Mofolojia nayo ni ya huku: kiambishi ba- hushika nafasi ya wa-, kama katika "tulibashinda". Mwalimu wa Kiswahili sanifu anaweza kuyahesabu haya kuwa makosa. Mhakiki hana ruhusa hiyo. Kazi yake ni kuuliza maneno hayo yanatenda nini mahali yanaposemwa.

Umeme unapokatika katikati ya mchezo, au mafuta ya jenereta yanapokwisha, thamani ya masimulizi haya huonekana waziwazi. Picha hufa, mtangazaji hunyamaza, lakini mazungumzo huendelea. Huyu hukisia bao, yule hukana, wa tatu humpigia simu ndugu yake wa mtaa mwingine kupata habari. Katika giza lile hadhira nzima hugeuka kuwa fanani. Kumbe televisheni ilikuwa ikitoa mada tu. Mchezo wenyewe wa maneno ulikuwa mali ya chumba.

3.0 Majina ya karibu na majina ya mbali

Timu za nyumbani ni Virunga, Kabasha na Dauphins Noirs. Majina haya yanastahili kusomwa. Virunga ni safu ya milima inayoonekana kutoka mjini siku ya anga safi. Kabasha ni jina linalokumbusha mteremko mkali wa njia ya kaskazini, katika eneo la mbuga ya Virunga. Dauphins Noirs, yaani pomboo weusi, ni jina la mnyama ambaye Ziwa Kivu halina, lakini ambaye weusi wake unaafiki mawe ya Goma. Ukienda Bukavu unakuta Muungano na Bukavu Dawa. Ukienda Butembo unakuta Nyuki. Lubumbashi ina Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini, ambayo imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano, mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwaka 2010 ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter ya Italia. Majina hayo yote ni tungo fupi: moja linaita umoja, jingine linatisha kwa dawa, jingine linauma kwa mwiba. Aliyeyatunga alitaka mpinzani aogope kabla ya kuingia uwanjani.

Katika soga za Mapendo, hata hivyo, majina yanayotajwa kwa sauti kubwa zaidi ni Real Madrid, Barcelona, Chelsea na Arsenal. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Shabiki ameigeuza: mcheza kwao hulaumiwa, na mcheza kwa wengine ndiye hutunzwa. Ni rahisi kumcheka kwa hilo na kumwita mtumwa wa picha za watu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Timu ya mbali ina ratiba inayotimia, uwanja usiofungwa kwa vita, na matokeo yanayojulikana jioni ile ile. Timu ya karibu inategemea barabara, ndege, fedha za viongozi wake na usalama wa jimbo. Inaweza kunyamaza kwa miezi mingi bila kosa la wachezaji. Mtu ambaye maisha yake ya kila siku yamejaa mambo yasiyotabirika hutafuta mahali pamoja ambapo Jumamosi ni Jumamosi kweli. Kwa maana hiyo, "sisi" ya mbali ni aina ya mapumziko.

Tena, nafsi ya tatu inayotumiwa kwa timu ya nyumbani haifanani na nafsi ya tatu ya kutojali. Asemaye "balipoteza" husema kwa uchungu wa mzazi anayemkana mtoto wake siku ya aibu. Timu hiyo hiyo ikishinda wiki inayofuata, ba- hutoweka na tu- hurejea pasipo mtu kuona haya. Sarufi ya shabiki ina kanuni ambayo vitabu havijaiandika: nafsi hubadilika kwa matokeo.

4.0 Mkono wa jezi

Kanuni hiyo ilijaribiwa vikali mwaka 2025. Tarehe 27 Januari mwaka huo waasi wa AFC/M23 walitangaza kwamba wameuteka mji wa Goma. Umeme na maji vilikuwa vimekatika, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa. Tarehe 6 Februari Stade de l'Unité, uwanja ambao shabiki aliujua kwa kelele za mabao, ulijazwa watu kwa ajili ya mkutano wa hadhara wa watawala wapya. Majukwaa yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni nani anayesema na nani anayetakiwa kusikiliza.

Katika siku hizo hizo za mwanzo wa Februari 2025, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu za Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich akizitaka zivunje mikataba yao ya kutangaza utalii wa Rwanda. Arsenal ilikuwa ikivaa maandishi hayo kwenye mkono wa jezi tangu 2018. Paris ilianza mwaka 2019, Bayern mwaka 2023. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwamba jeshi la Rwanda liliunga mkono M23, jambo ambalo serikali ya Kigali imelikana. Baadaye klabu hizo zilichukua njia tofauti: Bayern iliubadili mkataba wake mwaka 2025, Paris iliurefusha, na Arsenal ilitangaza mwezi Novemba 2025 kwamba wake ungekwisha mwishoni mwa msimu wa 2025/26.

Mambo ya mikataba ni ya wanasheria na wanadiplomasia. Linalomhusu mhakiki ni lile lililotokea kwa kiambishi. Kwa miaka mingi mtu wa Mapendo aliyeishabikia Arsenal alikuwa amesema "tulishinda" bila kujiuliza. Barua ile ilimpa swali jipya: katika tu- hiyo, nani mwingine yumo? Je, mwenye maandishi kwenye mkono wa jezi naye yumo?

Hapa sarufi ya Kiswahili inatoa fundisho. Zipo lugha za dunia zenye "sisi" mbili, moja inayomjumuisha msikilizaji na nyingine inayomwacha nje. Kiswahili kina moja tu. Asemaye "tulishinda" hamwambii msikilizaji kama naye yumo, humwachia aamue. Utata huu, ambao kwa mtaalamu wa isimu ni jambo la mofolojia, kwa shabiki ni nafasi ya kufanya sanaa. Majibu matatu yalikuwa wazi mbele yake. Anaweza kubaki na tu- lakini akaipunguza: "sisi" ni wachezaji na washangiliaji, na wenye mali hawamo. Anaweza kubadili silabi moja akasema "balishinda", na kwa silabi hiyo akawa ametoka kundini baada ya miaka mingi, bila barua na bila sherehe. Au anaweza kunyamaza, akatazama mpira pasipo nafsi yoyote, jambo ambalo kwa shabiki ni adhabu kubwa kuliko kufungwa.

Haifai kumwamulia. Linalofaa kusemwa ni kwamba "sisi" iliyoanza kama mapumziko ilifikiwa na vita. Umbali ambao televisheni iliuahidi haukuwapo. Shabiki aliyekimbilia picha za mbali ili aisahau Goma aliikuta Goma imo katika picha ile, imeshonwa kwenye kitambaa cha mkono.

5.0 Picha na maelezo yake

Si mara ya kwanza picha ya televisheni kuhitaji kusomwa upya na wale wanaohusika nayo. Tarehe 22 Juni 1974, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, Zaire ilicheza na Brazil baada ya kufungwa 2–0 na Scotland na 9–0 na Yugoslavia. Brazil walipopata mpira wa adhabu, beki Mwepu Ilunga alitoka mbio katika ukuta wa wenzake na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Watangazaji wa Ulaya walicheka. Kwa miaka mingi picha hiyo ilionyeshwa kama ushahidi kwamba Mwafrika huyo hakuzijua sheria. Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua na kwamba alifanya kusudi. Picha ilikuwa moja. Maelezo yalikuwa mawili. Na kwa muda mrefu dunia ilisikia ya upande mmoja tu.

Miaka hamsini baadaye, tarehe 7 Februari 2024, wachezaji wa Kongo walisimama mjini Abidjan kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Kodivaa. Wimbo wa taifa ulipopigwa, waliziba midomo kwa mkono mmoja na kwa mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye panja, mfano wa bastola. Walikuwa wakiyasema mauaji ya mashariki ya nchi na kimya cha dunia juu yake. Walifungwa 1–0. Shabiki wa Mapendo ambaye tarehe kama hiyo hiyo mwaka 2016 aliiona timu ya Kongo ikitwaa kombe la CHAN mjini Kigali kwa kuifunga Mali 3–0, safari hii alikuwa na jambo gumu zaidi la kulieleza kuliko ushindi au kushindwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa maana ya ishara ile. Kwa dakika moja televisheni ilikuwa imemgeukia, na ilipomgeukia ilimwonyesha amezibwa mdomo.

Ishara hiyo ni kubwa na haistahili kupunguzwa. Hata hivyo, uhakiki lazima uone pia kile ilichokiacha. Inamwonyesha mtu wa mashariki kama asiye na sauti. Chumba cha Mapendo kinashuhudia kinyume: watu wa mashariki husema, hubisha, hutania, huhukumu, tena usiku kucha. Kinachokosekana ni msikilizaji wa mbali, wala si sauti ya karibu. Tofauti hii ni ndogo katika picha na ni kubwa katika maana.

Jambo jingine lilitokea katika Kombe la Afrika lililofanyika Morocco kuanzia Desemba 2025. Shabiki mmoja wa Kongo, Michel Kuka Mboladinga, alisimama jukwaani katika michezo ya timu yake bila kutikisika, mkono wa kuume umeinuliwa, kwa mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Kinshasa. Dunia ilimpenda kwa sababu alinyamaza vizuri. Yeye na shabiki wa Mapendo ni ncha mbili za sanaa moja. Mmoja aliufanya mwili wake kuwa kumbukumbu ya taifa zima. Mwingine hana kamera, ana ulimi tu. Kamera hulipenda sanamu, kwa kuwa sanamu halibishi.

6.0 Utani, pari na mipaka ya nafsi

Ikiwa "sisi" ya shabiki ni uanachama wa hiari, ni lazima kuuliza inapoharibika. Kipimo kizuri kinapatikana katika utani. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, na jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Katika desturi ya utani, mtani ana haki ya kutukana kwa mzaha, na mwenziwe ana haki ile ile ya kujibu. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Utani hauwezi kufanyika baina ya mwenye uwezo wa kudhuru na asiye na uwezo wa kujibu. Mkongo Fiston Mayele alipoichezea Yanga kati ya 2021 na 2023, alisherehekea mabao yake kwa kutikisa mwili, na Watanzania wakaliita tendo hilo kwa neno la Kiswahili, "kutetema", likawa la mzaha na la gazeti. Mgeni alileta tendo, wenyeji wakaleta neno, na watani wao wa Simba wakalazimika kulisikia. Huo ni mfano wa nafsi inayopanuka bila kumwumiza mtu.

Katika Kivu kazi hii ni ngumu zaidi. Tangu machafuko ya Masisi ya mwaka 1993, maneno "mwenyeji" na "mgeni" yamebeba uzito ambao Dar es Salaam hauna. Shabiki wa Mapendo akimtania mwenziwe kwa sababu ya mabao matano aliyofungwa, yuko ndani ya sanaa. Akimwambia kwamba timu yake imefungwa kwa sababu ya asili ya kipa wake, ametoka katika sanaa na kuingia katika siasa ya kuua. Sentensi hizo mbili zinaweza kufuatana katika pumzi moja, na chumba kizima kinaweza kuzicheka zote mbili. Soga haina wema wa kuzaliwa nao. Hulindwa na wale wanaokataa kucheka mahali pasipofaa. Ni lazima kukiri pia kwamba "sisi" ya mabenchi ni ya wanaume zaidi. Mama anayeuza sokoni mpaka jioni, na binti anayechota maji, huusikia ushindi kupitia ukuta wa mbao.

Adui mwingine ni wa kimyakimya zaidi, naye ni pari. Mtu aliyeweka fedha zake juu ya matokeo ya michezo kumi hana tena "sisi". Anaweza kuwa shabiki wa Barcelona na bado akaomba Barcelona ifungwe, kwa kuwa karatasi yake inataka hivyo. Lugha yake hubadilika: badala ya "tulishinda" husema "yangu imepita" au "yangu imekufa". Tanzania karatasi hiyo huitwa "mkeka", na anayepoteza husemwa kuwa mkeka wake umechanika. Jazanda hiyo ni nzuri na ya kusikitisha, kwa maana mkeka wa asili ni kitu cha kukaliwa na watu wengi, na huu unakaliwa na mmoja. Pari huondoa hadhira chumbani bila kumtoa mtu yeyote. Watu thelathini hubaki wamekaa pamoja, kila mmoja akitazama mchezo wake peke yake.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mazungumzo ya shabiki wa Mapendo ni tungo zenye fani na maudhui, na kwamba mhimili wake ni nafsi ya kwanza wingi. Nafsi hiyo husafiri: huenda Ulaya kwa televisheni, hurudi uwanjani pa nyumbani timu inaposhinda, husimamishwa na maandishi kwenye mkono wa jezi, hupotea katika karatasi ya pari. Kiswahili, chenye "sisi" moja tu, kinamruhusu msemaji kuwaita watu wote bila kumtaja hata mmoja. Hapo ndipo ulipo uzuri wake na hatari yake.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kuhakikia soga hizi hakiwezi kuwa ufasaha wa fanani peke yake. Majigambo mazuri yanaweza kutumikia jambo baya. Kipimo kiwe hadhira: je, yuko mtu kwenye benchi anayeweza kumkatiza msemaji na kumwuliza, "Sisi nani?" Swali hilo la maneno mawili husemwa kwa mzaha karibu kila jioni, hasa na mtani aliyefungwa. Lakini ndilo swali ambalo wenye bunduki, wenye mikutano ya hadhara na wenye mikataba hawapendi kuulizwa. Chumba ambamo linaulizwa na kujibiwa, kisha watu wakaendelea kukaa bega kwa bega, kimefanya jambo ambalo mji wenyewe bado unajifunza.

Idara za Kiswahili zilizo karibu na vyumba hivyo zina wajibu wa kukusanya mazungumzo haya yakiwa yangali moto, pamoja na ba- zake na maneno yake ya Kifaransa, bila kuyanyoosha. Matokeo ya michezo yameandikwa na yatakumbukwa. Maneno yaliyosemwa gizani, umeme ulipokatika na watu wakaendelea kusimulia, hayajaandikwa popote.